Je, Tunamfundisha Mtoto Wetu Kusema Uongo?



Tumeona mara nyingi hapa Dzaleka kijana akifunga sanduku kwenda kusoma Kanada kwa mpango wa shirika la WUSC, ambao tangu mwaka 1978 unawapeleka wakimbizi katika vyuo vikuu vya nchi ile. Wanafunzi wa kule hujichangisha pesa kidogo kidogo ili mwenzao asome. Siku ya kuondoka kanisa linaomba, mama analia kwa furaha, na sisi sote tunasema: Mungu ametukumbuka.

Furaha hiyo ni ya haki. Mwaka 2023 UNHCR ilieleza kwamba katika vijana wakimbizi 100, ni 7 tu waliofika elimu ya juu. Ndiyo maana mmoja wetu akipita, sote tunataka kupanda mgongoni mwake. Na hapo ndipo swali letu linapoanza.

Kijana mmoja wa kwaya yetu alikwenda Winnipeg. Wiki ya tatu tulimpigia simu. Akasema, "Baba Mchungaji, mimi mzima, huku kila kitu ni sawa." Tukamshukuru Mungu, na kabla ya kukata simu tukamkumbusha kwamba kinanda cha kwaya kimeharibika. Mwezi uliofuata pesa zikafika. Ibadani tukapiga makofi.

Miaka miwili baadaye alitueleza ukweli. Siku zile hakuwa sawa. Kiingereza cha walimu kilimpita masikioni, na mtihani wa kwanza alishindwa. Jumapili alikula peke yake chumbani, yeye aliyezoea sahani moja na watu sita. Ilipofika Januari, ambapo kule siku nyingine baridi hupita nyuzi 30 chini ya sifuri, alikuwa bado na viatu vya hapa. Pesa alizoweka kwa ajili ya viatu vya theluji ndizo zilizonunua kinanda.

Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia?" Akajibu, "Mama asingelala. Na wengine wangesema nimefika Ulaya nimewasahau."

Ndugu, ni nani aliyekosa hapa? Kijana alisema uongo, hilo hatulifichi. Lakini sisi tunaohubiri kweli kila Jumapili tuliiwekea kweli yake bei kubwa. Mtu akijua kwamba akisema "nina shida" ataitwa mchoyo, tumemwekea kikwazo njiani. Tena sisi tunazijua siku za kwanza ugenini: hujui pa kuchota maji, hujui umsalimie nani. Tumesahau mara hii?

Hatusemi asisaidie. Paulo anamfundisha Timotheo kwamba watoto wawalipe wazazi wao wema. Lakini deni lina majira yake. Mahindi hayavunwi wiki ya tatu.

Yeremia aliwaandikia barua watu wake waliochukuliwa Babeli (sura ya 29). Hakuwaagiza dhahabu ya Babeli. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji ule na kuuombea. Barua iliyotoka nyumbani iliwapa ruhusa ya kuishi. Naye Danieli, neno lilipokuwa zito, hakuwaambia wenzake kwamba yote ni sawa. Aliwaeleza jambo lenyewe ili waombe pamoja (sura ya 2).

Basi tukubaliane hivi:

1. Mwaka wa kwanza tusimwombe mwanafunzi kitu. Akitoa kwa hiari yake, tumwulize kwanza yeye amebaki na nini.

2. Tunapopiga simu tuulize: unakula na nani? Unasali wapi? Somo gani linakusumbua? Tukiuliza "uko sawa?" tu, atatujibu "niko sawa" tu.

3. Nanyi vijana mnaoondoka, mchague hapa mtu mmoja mtakayemweleza yote bila kuficha.

Sisi viongozi tunatubu kwanza, maana ombi lile lilitoka kinywani mwetu. Kinanda kipo, kinalia vizuri. Tukikisikia Jumapili, tukumbuke miguu ya mtoto wetu kwenye theluji.

Bwana awalinde watoto wetu walio mbali, nasi atupe masikio ya kuwasikia. Amina.