Picha za Bonde la Lötschental: Jawabu kwa Kijana Wetu Aliyeko Uswisi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima na akapitisha mito baina yake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Amma baad:

Tumeletewa suala na kijana wetu aliyeko Uswisi kwa masomo. Asema kuwa kiangazi cha mwaka 2024 alikwenda kutembea kwa miguu katika bonde liitwalo Lötschental, bonde la kimya lililozungukwa na milima mirefu, lenye mto Lonza na vijiji vya nyumba za mbao zilizogeuka nyeusi kwa umri. Akapiga picha nyingi za kijiji cha Blatten. Kisha, tarehe 28 Mei 2025, barafu kongwe ya mlimani, iitwayo Birch, iliporomoka pamoja na majabali ikakifukia karibu kijiji chote, na mto ukazibwa ukafanya ziwa. Sasa mwenziwe amemwambia kuwa picha ni haramu, azifute zote.

Jawabu letu: asizifute.

Makatazo yaliyokuja katika Hadithi yahusu sura za viumbe vyenye roho. Ama miti na visivyo na roho, Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alimruhusu navyo mchoraji aliyemwendea kumuuliza, na riwaya hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Katika picha za kamera zenye watu, wanachuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, alizijuzisha kwa hoja kuwa kamera haiumbi kitu, yazuia kivuli tu cha kilichokwisha kuumbwa na Mola, wengine wakakataa. Lakini bonde halimo katika khitilafu hiyo, wala ng'ombe mmoja aonekanaye mbali malishoni kama tone la wino haziharamishi picha za kijiji kizima. Asemaye kinyume na alete dalili.

Katika barua yake mna neno jingine lililotugusa zaidi. Asema siku ile alishughulika na kamera hata hakumbuki sauti ya mto. Hapa ndipo penye lawama. Qur'ani, katika Suratul Ghashiya, yatutaka tuitazame milima namna ilivyosimikwa, na kutazama ni kazi ya jicho na akili pamoja. Angalieni walivyookoka watu wa Blatten. Walikuwako watu wenye kuuchunga mlima, wakiupima na kuulinganisha na ulivyokuwa jana. Walipoona jabali la juu lavunjika na kuilemea barafu, kijiji kikaamriwa kihame. Tarehe 19 Mei watu wapatao 300 walitoka na mifugo yao, na siku tisa baadaye nyumba zao zilikuwa chini ya mawe. Mtu mmoja alifariki. Lau mlima ule ungalipigwa picha tu na wapita njia, nani angalijua kuwa waja?

Twajua pia watakaosema kuwa ile ilikuwa adhabu ya makafiri. Ndugu zetu, acheni maneno haya. Tarehe 26 Disemba 2004 bahari iliifagia Aceh, nchi mashuhuri kwa misikiti na wanachuoni wake, na Waislamu wakafa kwa maelfu mengi. Mwenye ulimi mwepesi juu ya Blatten atawaambia nini mayatima wa Aceh? Siri ya misiba yuaijua Mwenyewe aliyeileta. Sisi tumeamrishwa huruma na tahadhari.

Ameuliza tena juu ya kutayamamu huko milimani kwa sababu ya baridi. Maji ya barafu iliyoyeyuka ni twahara na yatoharisha. Baridi peke yake si udhuru, ila akichelea madhara na hana cha kuyapashia moto.

Turudi kwenye picha. Wenyeji wa kijiji kile waliondoka kwa haraka, na huenda wengi wao hawana picha ya mlango wa nyumba waliyozaliwa. Basi kijana na atoe nakala ya kila picha, aandike tarehe na mahali aliposimama, awapelekee watu wa Blatten bila ya kutaka malipo. Na zile zenye nyuso za watu asizitangaze mpaka wenyewe waridhie.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.