Samaki wa ziwa ni mali ya nani?

Mama mmoja wa hapa Bukavu alituuliza: je, ni kosa kununua sambaza wachanga, ikiwa watoto nyumbani wana njaa? Tulitaka kumjibu upesi, tukashindwa.

Tukumbuke kwanza kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa maana katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki alaye vijidudu vinavyoelea majini. Leo wavuvi humvua huko, usiku, kwa mwanga wa taa. Lakini uzazi wake ni wa kando. Jike hutaga mayai karibu na ufuko, na watoto hukaa pale pasipo na kina mpaka wapate nguvu ya kwenda mbali. Mama yao hawatunzi. Hata sambaza wakubwa huwala wadogo (ndivyo walivyo). Basi avutaye chandarua ufukoni huchota wale ambao hawajazaa hata mara moja.

Mtu huyo hatumwiti mwizi kama avunjaye nyumba. Mara nyingi hana mtumbwi wala taa. Hata hivyo anamnyang'anya mwenzake wa miezi ijayo, asiyemjua, naye ana watoto pia. Je, jirani ni yule tu tunayemwona?

Mama yule tulimwambia asinunue wachanga siku ambayo wakubwa wako sokoni. Akatuuliza kama twajua bei yao.