Bunduki ya Mjomba na Jibu Nililolitoa kwa Haraka



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, muhula uliopita nilifanya kosa, na ustadhi wetu mmoja amenishauri niliandike hapa ili mwenzangu asilirudie. Kosa lenyewe lilianza na bata. Ndani yake, hata hivyo, kuna swali ambalo bado linanishughulisha: chombo kikiwa chepesi mno kuua, je, anayekishika anaweza kubaki na adabu ya Kiislamu?

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliondoka Bujumbura baada ya machafuko ya 1993 akiwa kijana. Alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, kisha akapelekwa Marekani na familia yake. Leo anaishi katika jimbo la Iowa na anafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Mfanyakazi mwenzake, mzaliwa wa huko, alimchukua siku moja kwenda kuwinda bata mwitu kwenye vinamasi. Mjomba alipenda. Akachukua leseni, akanunua shotigani, na kila msimu wa baridi unapokaribia huenda na kurudi na kitoweo. Watoto wake wamekula bata hao kwa miaka sita.

Ijumaa moja usiku alinipigia simu. Alisema, "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Bunduki yangu inapakia risasi yenyewe. Bata wakiruka napiga mara mbili, tatu, kabla sijameza mate. Bismillahi naisema mara moja tu. Je, nyama hii ni halali?"

Nilikuwa nimetoka darasani wiki ile ile tukisoma mlango wa uwindaji. Nilikumbuka vizuri kwamba kitabu kilisema ndege aliyeuawa kwa *bunduqa* ni *mauqudha*, yaani mnyama aliyekufa kwa kipigo, naye ni miongoni mwa nyamafu walioharamishwa katika Suratul Maida. Nikamjibu papo hapo kwamba kilichouawa kwa bunduki hakiliwi. Nikaongeza na hadithi ya mtu anayenyoosha mikono kuomba ilhali chakula chake ni haramu. Nilijiona mwanachuoni.

Mjomba hakubishana. Usiku ule ule alitoa bata kumi na mmoja kwenye friza akawatupa. Akawaita watoto akawaambia kwamba wamekuwa wakila nyamafu. Mwanawe wa miaka kumi na moja akamuuliza kama dua zote alizowahi kuomba zilikataliwa. Habari hiyo niliisikia kwa mke wa mjomba. Yeye mwenyewe hakuniambia.

Siku ya nne nilimsimulia ustadhi, nikitarajia sifa. Aliniuliza swali moja: "Bunduqa ni kitu gani?" Nikasema ni bunduki. Akaniambia nirudi kitabuni nikasome tena, nisisome kwa masikio ya Kiswahili.

Wanazuoni wa mwanzo walipotaja *bunduqa* walikusudia kidonge cha udongo mkavu kilichorushwa kwa upinde maalumu. Baruti ilikuwa bado haijawafikia. Kidonge kile hakitoboi. Kinagonga na kuvunja mifupa. Neno letu "bunduki" limetoka katika ukoo huo huo wa Kiarabu, lakini kitu kimebadilika na jina likabaki. Kwa kufanana kwa maneno mawili nikamharamishia Muislamu alichokula na watoto wake kwa miaka sita.

Kipimo chenyewe kipo katika hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Adiy alikuwa mwindaji, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mi'radhi, mshale mzito. Maana ya jibu ni kwamba ukipiga kwa ncha ukatoboa, kula. Ukipiga kwa ubavu ukaua kwa uzito wake, usile. Silaha za moto zilipoenea, wanazuoni walitofautiana juu yake. Ibn Abidin katika Hanafi aliona kwamba risasi ya madini ya risasi huua kwa kuunguza na kwa msukumo mzito, haina makali, kwa hiyo hailalishi. Katika Maliki wengi wa waliokuja nyuma waliruhusu, na ash-Shawkani wa Yemen alisema wazi kwamba risasi hutoboa na kupita, basi hukumu yake ni ya ncha ya mshale. Marisau ya shotigani ni punje ndogo, nazo huingia katika mwili wa ndege. Kauli ya kuruhusu ina nguvu, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameifuata. Hata asiyeifuata anajua kwamba ni suala la khilafu. Si suala la kumfanya mtoto alie juu ya dua zake.

Lakini swali la mjomba halikuwa hilo. Yeye aliuliza kuhusu kasi.

Hapa lazima tukijue chombo. Shotigani inayojipakia si bunduki ya vitani inayomimina risasi. Kila ukivuta kifyatulio inatoka moja tu. Tofauti yake na nyingine ni kwamba nguvu ya risasi iliyotoka ndiyo inayofungua chemba, kutupa ganda na kuingiza risasi ya pili. Katika aina nyingi, sehemu ya gesi ya baruti hupitia vitundu katika mtutu na kusukuma pistoni. Katika aina nyingine ni ule mrudisho wa bunduki begani unaofanya kazi hiyo. Ya mwanzo kufanikiwa sokoni ilibuniwa na Mmarekani John Browning. Ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, nchi ile ile iliyokuja kuitawala Burundi.

Wamarekani wenyewe waliiogopa kasi hiyo. Tangu 1935 sheria yao ya shirikisho haimruhusu anayewinda ndege wahamao kuwa na zaidi ya risasi tatu ndani ya shotigani. Ndiyo maana kipande cha mti au plastiki huwekwa katika bomba la risasi ili zisiingie nyingi. Kule Iowa, bata ni sita tu kwa siku. Tangu 1991 hawapigwi kwa marisau ya madini ya risasi, kwa sababu bata waliyameza wakitafuta chakula chini ya maji, wakafa kwa sumu. Watu wasiosoma Qur'ani yetu walitambua kwamba mkono wa mwindaji unahitaji kufungwa breki.

Breki yetu sisi ni jina la Mwenyezi Mungu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumekulia, kusema Bismillahi wakati wa kurusha ni sunna iliyokokotezwa; akiiacha Muislamu, mnyama bado ni halali. Kwa Hanafi na Maliki ni sharti, ila aliyesahau amesamehewa. Kwa Hanbali, katika uwindaji hata aliyesahau hakusamehewa. Kisha Hanafi wana kanuni nzuri sana: katika kuchinja, Bismillahi husemwa juu ya mnyama, katika kuwinda, husemwa juu ya chombo. Ukitaja jina juu ya mshale mmoja kisha ukauweka chini na kurusha mwingine bila kutaja, hukufaa.

Kwa kanuni hiyo, kila risasi ya mjomba ni mshale wake. Tatu zikitoka, ni mishale mitatu. Basi kwa Shafi, Bismillahi ya mara moja haiwaharamishi bata wa miaka sita. Kwa anayetaka kutoka katika khilafu, aseme Bismillahi kwa kila mvuto. Mjomba atasema hakuna nafasi. Mimi nasema nafasi ipo, ila bunduki haitakupa. Lazima uitwae mwenyewe. Bunduki ya zamani ilimlazimisha mtu kusubiri, apakie upya. Hii imeondoa kusubiri kwenye chuma na kukuhamishia wewe. Asiyeweza kutamka neno moja kati ya risasi na risasi hajui tena anampiga nani, amefuata tu mlio.

Wapo watakaosema: kwa nini asiiache kabisa achukue bunduki ya risasi moja? Niliwaza hivyo pia. Lakini risasi ya pili ina upande wa huruma. Bata aliyejeruhiwa anayeanguka majini akiwa hai atateseka, naye mwindaji mwenye risasi moja atakuwa bado anahangaika na mfuko. Tena Adiy alifundishwa kwamba windo ukilikuta limezama majini usile, kwani hujui limeuawa na mshale au na maji. Kwa mwindaji wa kinamasi hili si jambo la vitabuni. Kummaliza haraka, au kumfikia akiwa hai na kumchinja, ni wajibu wake. Kwa hiyo kasi ile ile inaweza kuwa ulafi na inaweza kuwa rehema, na anayeijua tofauti ni Mola wake na yeye.

Na hapa ndipo nilipojifunza jambo kutoka kwa mjomba. Baada ya kumpigia kumwomba radhi, alinionyesha kwa video anavyoitunza. Kwanza anatoa risasi zote, anachungulia chemba, kisha anaigusa kwa kidole kuhakikisha kwamba ni tupu. Anavua mtutu. Anakwangua masizi kwenye pistoni na kuzibua vitundu vya gesi, anapitisha brashi ndani ya mtutu, anafuta maji ya kinamasi yasilete kutu. Mafuta anapaka kidogo tu, kwa kuwa kwenye baridi ya kule mafuta mengi huganda na kuifanya bunduki iwe nzito. Mwisho anaifungia katika kabati la chuma, na risasi anazifungia kwingine, ufunguo hauguswi na mtoto.

Nikamuuliza kwa nini kila siku. Akasema, "Ikikwama baada ya risasi ya kwanza, bata anabaki na maumivu yangu."

Ndugu zangu, sote tumehifadhi hadithi ya Shaddad bin Aus katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, na mwenye kuchinja anoe kisu chake na amstareheshe mnyama. Mimi niliisoma kwa mtihani. Mjomba, ambaye hajawahi kukaa darasa letu, anainoa bunduki yake kila jioni. Masizi kwenye pistoni ndiyo butu ya kisu chake.

Sisemi kwamba kila kitu kimekwisha. Mama hakutaka kuitazama video ile. Alisimama akaenda jikoni. Baadaye aliniuliza, "Mtu aliyekimbia bunduki ananunua bunduki ya nini?" Sikuwa na aya ya kumjibu. Nilipomfikishia mjomba, alinyamaza kidogo, akasema kwamba siku ya kwanza aliyoivua na kuona ndani mna springi na vyuma tu, alilala bila kuota. Mama aliposikia alisema, "Basi yeye amepona kwake." Yeye bado, na fikihi haimlazimishi mtu apende kila kilicho halali.

Lipo pia onyo jingine. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi kwamba anayefuata windo hughafilika. Kule upigaji wa bata huruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, wakati ambao Alfajiri imeshaingia. Nilimuuliza mjomba anaswali wapi. Akasema kwenye nyasi, kabla ya kugusa bunduki, na mwenzake asiye Muislamu humsubiri. Na Ibn Umar alipowapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha ya mishale, aliwaambia kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Anayekwenda kinamasini kusikia mlio tu na kuhesabu idadi, na ajitazame hapo, hata kama leseni anayo na Bismillahi anaisema.

Rai yangu, nikiwa mwanafunzi tu, ni kwamba chombo hiki si haramu, lakini kimemwongezea mwenyewe mzigo: anuie kula, ataje jina kwa kila risasi, asimwache aliyejeruhiwa, akisafishe, akifungie. Asiyeuweza mzigo huo asikinunue.

Na rai yangu juu yangu mwenyewe ni kali zaidi. Nilivuta kifyatulio bila kutazama nani yuko mbele. Nilipompigia mjomba kurekebisha, nilimwomba aniweke niongee na mwanawe. Nilimwambia kwamba aliyekosea ni mimi, si baba yake, na kwamba dua zake hazikupotea. Aliniuliza, "Una hakika, au umekumbuka tu?"

Tangu siku hiyo, kila swali linalonijia kwa simu, nalisubirisha hadi nimefungua kitabu na kumuuliza aliyenizidi. Nakuomba nawe ufanye hivyo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.