Bendera Nayo Ni Deni

Huko Hispania, hata manispaa yenye wakazi mia chache yaweza kuwa na bendera yake na ngao yake, iliyochorwa mnara, mto au mti wa mahali pale. Masaka, kata ya wilaya ya Kicukiro iliyo pembezoni mwa jiji la Kigali, huishi chini ya bendera moja na Rwanda nzima, na nembo yake ni ya Jamhuri. Basi mtoto wa Masaka akimwuliza mwalimu maana ya kitambaa kile, jibu haliwezi kukomea katani. Litaihusu nchi, tena litaigusa historia yenye majonzi.

Zamani alama ya ufalme ilikuwa ngoma Kalinga. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1961 zikaja rangi tatu, nyekundu, njano na kijani. Kisha herufi R ikatiwa katikati ili bendera isifanane na ile ya Guinea. Bendera hiyo ndiyo iliyokuwa ya taifa mwaka 1994, yalipotendeka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2001 ikaondolewa, mahali pake ikawekwa nyingine yenye buluu, njano na kijani, na jua lenye miali 24. Nyekundu haimo tena.

Je, ilikuwa haki kuiondoa? Wako wasemao kwamba kitambaa hakina kosa. Wakosaji ni watu, nao hawageuki kwa kugeuziwa bendera. Neno hili lina ukweli, lakini halitoshi. Maana ya alama haitoki kwa mchoraji peke yake. Hutokana pia na matendo yatendwayo chini yake. Nyekundu ile ilielezwa kuwa ni damu iliyomwagika kwa ajili ya ukombozi. Baada ya mwaka 1994, mjane aliyeitazama angeiona damu ya nani? Kumtaka asimame wima mbele yake ni kumtaka auheshimu msiba wake. Kwa hiyo twaona kwamba ilikuwa haki kuishusha.

Hata hivyo, kushusha si kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu achoraye ubaoni bendera ya sasa na kuiruka ile ya kwanza humnyima mwanafunzi sababu ya mabadiliko. Naye asiyejua sababu atadhani kwamba rangi huchaguliwa kwa uzuri wake tu.

Tena hoja yetu haina budi kuihukumu bendera mpya kama ilivyoihukumu ile kuukuu. Ikiwa matendo ndiyo yaipayo alama maana, basi jua na miali yake bado vinangoja maana kutoka kwetu. Nembo ya sasa imezungushiwa duara la kijani lililofungwa fundo, na ndani yake mna kikapu cha agaseke, mtama, kahawa na gurudumu lenye meno. Maneno yake ni Ubumwe, Umurimo, Gukunda Igihugu. Yaani Umoja, Kazi, Kupenda Nchi. Sisi wa Kiswahili twajua kwamba fundo lina maana mbili: liko lifungalo watu pamoja, na liko lile la moyoni, ambalo ni kinyongo. La kwanza laweza kuchorwa kwa amri ya sheria. La pili hakuna sheria iwezayo kulifungua. Hufunguliwa na jirani kwa jirani, kwa kusema kweli, kwa kutubu na kwa kustahimiliana.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao katika kazi ya kuyafafanua maneno hayo. Tuyafafanue kwa uangalifu. Tusimwambie mtoto kwamba umoja umekwisha kupatikana kwa kuwa umeandikwa. Tumwambie kwamba umeahidiwa, na kwamba ahadi ni deni. Na katika kulilipa, yeye na sisi sote tumo.