Mtoto wa Kupakata

Naanza na swali lililonikaa kichwani tangu mwaka 2016. Mtu akipunguza gharama, ile gharama huwa imekwenda wapi? Wengi watajibu upesi kwamba imeokolewa, imebaki mfukoni. Mimi siku hizi sina hakika. Nina mashaka kwamba mara nyingi haikupungua hata senti tano, ila imebebwa na mtu mwingine ambaye hatukutaka kumtazama usoni.

Nieleze jambo lenyewe. Kwetu ni Kibondo. Huku watu husafiri kwa sababu: msiba, hospitali, mnada, kesi ya shamba. Babu yangu alisafiri akiwa manamba. Alikwenda Kigoma kwa miguu, akapanda garimoshi, akaishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kama walivyofanya Waha wengi wakati wa mkoloni. Mwaka 2015 tuliona mabasi yakipita yamejaa Warundi walioikimbia nchi yao, wanahamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kuletwa Nduta, jirani na sisi. Kina mama walikuwa wamepakata watoto, na hakuna aliyeuliza mtoto ana miaka mingapi. Hizo ndizo safari tulizozijua. Sasa safari ya kwenda kutazama tu, kucheka na kurudi nyumbani! Jirani mmoja aliita kutembeza hela.

Chanzo kilikuwa simu ya huyo huyo jirani. Kitindamimba wetu, msichana, alioneshwa humo picha za Disneyland, ile bustani ya michezo iliyofunguliwa California mwaka 1955: bembea ndefu kama mlima, watu waliovaa sura za panya, watoto wanapiga kelele za furaha. Akaja kumwuliza Baba, “Na sisi tutakwenda lini?” Baba ni fundi baiskeli. Alikuwa ameshika tairi, akacheka mpaka akaliachia. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, “Sisi tuna ziwa.”

Basi tukaanza kudunduliza. Kibubu kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililopigiliwa mfuniko na kutobolewa tundu. Mama alitia za maharage, Baba alitia za spoku na viraka, mimi nikaacha maandazi ya saa nne shuleni. Mwaka mzima! Mwezi wa sita 2016, mavuno ya maharage yalipokwisha, tukalivunja kopo. Zilitoka shilingi 143,600. Tulikuwa watu sita nyumbani, na ukipiga nauli ya watu sita kwenda na kurudi, hujala, hujalala, hujaona kitu, hesabu inagoma.

Usiku ule kikafanyika kikao cha kubana. Gombe, ile hifadhi ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, ilifutwa mwanzo kabisa, maana haifikiki ila kwa boti na kiingilio kipo. Nyumba ya kulala wageni ikafutwa, tutalala Kasulu kwa Mama Mdogo. Hoteli za njiani zikafutwa, tutabeba ugali wetu wa muhogo. Bado hesabu inagoma. Ndipo Baba akamtazama kitindamimba, akasema huyu atapakatwa. Mtoto wa kupakata halipi nauli. Tatizo lilikuwa moja tu: alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza, na alijivunia yote mawili.

Halafu kukawa kimya. Kila mtu alikuwa anajua jina lililobaki, na hakuna aliyetaka kulitaja. Alilitaja mwenyewe. Bibi alisema kutoka kwenye kigoda chake, “Mimi miguu inaniuma. Na mbuzi nani atawafungulia?” Mama akasema, “Kweli, mbuzi.” Tukalala.

Sasa ujue kwamba Bibi hakuwa amewahi kuliona ziwa. Alilisikia tu kwa Babu, aliyemsimulia kwamba ni maji yasiyo na ng'ambo. Na asubuhi ile tuliyoondoka, tulipopita njia ya bonde, nilimwona kwa mbali anapandisha kwenda shamba na jembe begani, anatembea vizuri kabisa. Sikumwambia mtu.

Ndani ya basi, kondakta alipotufikia, Baba alikuwa anatazama dirishani kama aliyeona kitu cha maana huko nje. “Huyu ana miaka mingapi?” Mama akasema minne. Kondakta, ambaye bila shaka ameisikia minne hiyo mara elfu, akamwinamia mtoto mwenyewe: “Eti, mama, una miaka mingapi?” Mtoto akatutazama sote, mmoja mmoja. Kisha akaonyesha vidole vinne bila kusema neno.

Siku zile barabara ya Kibondo hadi Kasulu ilikuwa vumbi jekundu tupu, na vumbi lilimsahaulisha. Tulipoingia Kasulu akaanza kusoma vibao kwa sauti: “Du-ka la da-wa.” Abiria wakaangua kicheko. Kondakta akampiga Baba begani, “Mzee, huyu wa minne atakuwa profesa.” Hakudai kitu. Baba naye alicheka, lakini hakuinua macho mpaka stendi. Tuliposhuka, mtoto akamvuta Mama kanga: “Tukifika Kigoma nitarudi kuwa na miaka saba?” Mama akamjibu, “Ukirudi nyumbani.”

Mama Mdogo alitupokea kwa vigelegele. Alituachia kitanda chake, akatandika mkeka yeye na wanawe, akasema, “Msijali dada, siye huwa tunalala chini, joto.” Joto, Kasulu, mwezi wa sita! Anayeijua baridi ya nyanda zetu wakati huo ataelewa. Usiku nilimsikia anakohoa.

Nisiifanye safari ionekane mbaya, maana nitakuwa mwongo wa nne. Siku ya pili, kule Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, Baba aliuliza kiingilio, akatafakari, akalipia mtu mmoja. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma sana. Wengine wakakaa nje kivulini. Niliziona sanamu za wale Wazungu wawili wanasalimiana, nikatoka kuwasimulia wenzangu, na nikatia chumvi. Niliongeza simba. Kama nitakuja kuandika riwaya, hadithi yangu ya kwanza ilikatiwa tiketi pale, na watu wanne waliilipia kwa kukaa juani baada ya kivuli kuhama.

Kisha ziwa. Tulishuka Kibirizi, kwenye boti za abiria. Kitindamimba aliingia majini na gauni lake, akapiga kelele zile zile za kwenye simu. Baba alinunua migebuka, tukala na ugali wetu wa tangu juzi. Mama alikaa mchangani miguu imenyooka, akacheka peke yake. Kwa muda ule hakuna aliyefanya hesabu.

Hesabu nilianza kuifanya mimi baadaye. Katika kitabu cha kuazima nilisoma kwamba Aristotle aliuweka ukarimu katikati, huku ubahili na huku ubadhirifu. Vizuri. Lakini yeye anamzungumzia mtu na mali yake. Nyumbani kwetu kopo ni moja na watu ni sita, sasa hiyo katikati ni ya nani? Kant, yule Mjerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija kukuuliza alipojificha rafiki yako, usimdanganye. Nilicheka. Huyo bwana hakupanda basi la Kibondo. Hata hivyo sikuweza kumtupa moja kwa moja, kwani kinachoniuma kuhusu vile vidole vinne si nauli ya mwenye basi. Uongo ulikuwa wa watu wazima, na tulimpa mtoto autoe kwa mkono wake.

Nadhani lugha yetu imeona mbali kuliko mimi. Kunyima na kujinyima vimetenganishwa na silabi moja tu. Mwekevu hujinyima, bahili hunyima. Mimi na maandazi yangu nilijinyima, hilo sina shaka nalo. Lakini Bibi je? Kwa maneno yake alijinyima. Kwa kweli sisi ndio tuliomnyima, na yeye, kwa kutuhurumia, akaichomeka ile “ji” mwenyewe ili tulale usingizi. Mama Mdogo akafanya hivyo hivyo na mkeka wake. Ukitazama vizuri, safari yetu iliwezekana kwa sababu watu wanaotupenda walikuwa hodari wa kudanganya.

Nilimweleza Baba mawazo haya siku moja anapiga kiraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Basi lilikuwa linakwenda, na yeye hakukalia kiti cha mtu. Nimemwibia nani?” Sikujibu. Akaendelea: “Na ungesubiri hela ya watu sita, mngeliona ziwa lini? Bibi yako angezeeka hapa, na wewe ungezeeka hapa, wote mko sawa, hakuna aliyeona kitu. Hiyo ndiyo haki unayoitaka?”

Jamani, hoja hiyo ni nzito, na mpaka leo sijaipindua. Usawa wa kukosa wote ni usawa wa namna gani? Nisingetaka kurudisha zile kelele za majini ili mizani ikae sawa. Ninachokidai ni kidogo zaidi. Tungeweza kusema. Usiku ule mtu mmoja angefungua mdomo: Bibi, hela haitoshi, tunakuacha, na tunajua unataka kwenda. Pengine angelia. Pengine angesema nendeni. Lakini lingekuwa neno lake, na deni lingekuwa letu, limetajwa mbele ya mashahidi. Badala yake tuliwasingizia mbuzi.

Bibi bado yupo, na sasa miguu inamuuma kweli. Mwaka jana nililitaja lile deni kwa mara ya kwanza, jikoni, sote tukiwepo. Mama aliacha kupepeta. Bibi alinitazama, akasema, “Mume wangu, kumbe uliniona na jembe.” Kopo jingine limepigiliwa. Tumekubaliana kwamba Bibi atakaa kiti chake mwenyewe, cha dirishani, na kitindamimba, ambaye sasa ananipita urefu, atalipa nauli ya mtu mzima.

Juzi tulilitikisa kopo na kukadiria. Kwa mara nyingine pamepungua nauli ya mtu mmoja. Kabla hakujawa kimya nikawahi kusema kwamba mimi mwaka huu siwezi kwenda, nina riwaya ya kumaliza. Baba akasema, “Kweli, riwaya.”