Je, Kutazama Gari la Moshi ni Kazi Bure?

Katika nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa hakuna reli. Mtoto aweza kuzaliwa Kayanga, au Nkwenda, au Murongo, akakua, akaoa, akazeeka kati ya migomba yake, asisikie hata siku moja mlio wa gari la moshi. Kwa sababu hiyo, kiangazi cha mwaka 2025, shule zilipofungwa, sisi walimu wachache tulifanya shauri la kusafiri kwa gari mpaka Isaka, Tabora na Dodoma, si kwa biashara wala kwa msiba, bali kutazama tu reli na stesheni na magari yapitayo juu yake.

Jumapili kabla ya safari, mzee mmoja wa usharika wetu alitusimamisha mlangoni pa kanisa. Akauliza, “Wanangu, mnakwenda kununua nini huko?” Tukajibu, “Hatuendi kununua kitu, Baba.” Akauliza tena, “Basi mnakwenda kumwona nani?” Tukasema, “Twaenda kutazama gari la moshi.” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe mwaka huu fedha za kahawa zimekuwa nyingi.” Akaenda zake.

Tulicheka, lakini neno lile halikucheka nasi. Lilitufuata njia nzima. Maana swali lake ni la haki: je, yampasa Mkristo kutumia fedha na siku zake kwenda kutazama kitu asichokihitaji? Nasi twataka kulijibu bila kujitetea kupita kiasi.

Kwanza twakiri kwamba mzee alikuwa na neno la kweli. Fedha ya kahawa si maji ya mvua. Ni jasho la mke aliyepalilia, na la watoto walioanua kahawa mkekani wingu lilipotanda. Mtu ambaye nyumba yake yavuja, au ambaye ana deni kwa jirani, akiziacha kazi hizo na kwenda kushangaa chuma, amekosa. Hata katika kundi letu mwenzetu mmoja, alipolisikia neno la mzee, alikumbuka karo ya mdogo wake ambayo haijalipwa. Alilipa karo kwa fungu lake la safari, akabaki nyumbani. Huyo hakuiona reli, na twasema wazi kwamba alitenda vema kuliko kama angalikuja nasi. Kwa hiyo haja ya ndugu yatangulia haja ya macho. Neno hilo halina ubishi.

Lakini je, haja ya macho si kitu kabisa? Sulemani alipotaka kumfundisha mvivu hakumpa jembe kwanza; alimtuma kwenda kumtazama chungu. Basi kuna kutazama kunakofundisha. Wahenga nao husema, macho hayana pazia. Huona yote, mema na maovu, ya maana na ya upuuzi. Ni moyo unaochagua lipi libaki. Twadhani kuna namna mbili za kutazama. Ya kwanza ni kushangaa: mtu huona kitu kikubwa, hufumbua kinywa, kisha huenda zake kama alivyokuja. Ya pili ni kutazama kwa kuuliza: Ni nani aliyefanya hiki? Kwa gharama gani? Nami nina deni gani kwake? Kutazama kwa namna ya kwanza ni kazi bure. Kwa namna ya pili ni shule.

Tulipopita Nyakanazi na Kahama tukaelekea Isaka, tulikumbuka kwamba tunarudi nyuma kwa njia ya zamani. Karne ya 19 misafara ilitoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikapanda mpaka Karagwe. Mwaka 1861 Speke na Grant walifika kwa njia hiyo kwa Omukama Rumanyika huko Bweranyange. Majina ya hao wawili yamo katika vitabu. Lakini nguo, shanga, waya na baruti havikujileta vyenyewe. Vililetwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na majina ya wengi wao hakuna ayajuaye. Sisi tulikaa vitini tukila karanga. Wao walikwenda njia ile kwa miguu, kwa muda wa miezi.

Isaka ndipo palipo bandari ya nchi kavu, ambapo mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka garini na kupakiwa katika malori. Tuliliona gari la mizigo likiingia polepole, behewa baada ya behewa, mpaka tukapotewa na hesabu. Mmoja wetu alisema, “Kila behewa ni msafara mzima uliopumzishwa.” Neno hilo lilitupendeza, lakini baadaye tuliona kwamba ni nusu ya kweli tu. Mzigo ulitoka kichwani mwa mpagazi, hauna budi. Lakini reli yenyewe ilibebwa na nani?

Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa zipatazo 1,250. Tawi la kwenda Mwanza lilimalizika mwaka 1928, katika utawala wa Waingereza. Maelfu ya watu walichimba, wakajaza tuta, wakabeba mataruma na vyuma. Na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu wale wale waliokuwa wapagazi. Katika reli ya jirani zetu, iliyotoka Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901, waliletwa wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 wanajulikana duniani kote. Watu waliokufa kwa homa na kuhara hawajulikani.

Basi hapa ndipo swali letu lilipokuwa zito. Njia hizi hazikujengwa kwa upendo. Wenye kutawala walitaka pamba, mkonge, kahawa na askari. Je, yatupasa kushukuru kwa kitu kilichojengwa kwa tamaa ya mwingine? Twajibu hivi: hatushukuru tamaa, twashukuru mikono. Yusufu aliuzwa kwa uovu wa ndugu zake, na kwa safari hiyo watu wengi wakapata chakula. Lakini hakuna ahesabuye uovu wao kuwa wema. Vivyo hivyo kahawa ya babu zetu ilishuka Bukoba, ikavuka ziwa kwa meli, ikapakiwa garini. Reli haikufika kwetu, lakini mikono ya waliyoijenga ilifika mpaka vyunguni mwetu, katika chumvi na nguo na vitabu vilivyonunuliwa kwa kahawa hiyo.

Tabora twataka kusimulia aibu yetu. Ndipo zikutanapo njia za Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza. Tukiwa kando ya njia, mmoja wetu aliona msumari mkubwa wa reli, wenye kutu, umelala juu ya mawe. Akauokota na kuutia mfukoni awe na kumbukumbu ya kuwaonyesha watoto wa shule. Mzee mmoja aliyekuwa akikagua njia alitusogelea, akatuamkia kwa adabu, akasema, “Walimu, huo umezeeka kama mimi, lakini bado si wenu.” Tukasema, “Mzee, ni mmoja tu.” Akajibu, “Hata wauzao chuma chakavu husema hivyo hivyo: ni mmoja tu.” Tukaurudisha, wala hatukuwa na neno la kuongeza. Sisi tuliokwenda kujifunza deni letu kwa wajenzi tulikuwa tumeanza kulizidisha.

Mali ya wote ina hatari hiyo. Kitu cha mtu mmoja hulindwa na jicho lake. Kitu cha wote kila mtu hudhani chalindwa na mwingine, kisha hakuna alindaye. Na reli haisamehe upuuzi. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, gari la abiria lilirudi nyuma mlimani likagongana na gari la mizigo, wakafa watu zaidi ya 280. Na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, ikakatika safari ya njia hiyo. Abiria alalaye kitini ameitia roho yake mikononi mwa watu asiowaona: afungaye breki, atazamaye daraja, ashikaye zamu usiku. Uaminifu wa mtu mmoja mdogo ni usingizi wa watu mia.

Dodoma tuliyaona magari mapya. Mwaka 2024 safari za reli mpya zilianza, kwanza mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Upana wa njia ya zamani ni milimeta 1,000. Wa hii ni milimeta 1,435. Gari lake huvutwa kwa umeme, wala halina moshi; midomo yetu tu ndiyo iliyozoea kuliita gari la moshi. Liliondoka kimya, na kabla hatujamaliza kusema “Tazama!” lilikuwa limekwisha kupita. Twakiri kwamba tulishangaa kama watoto, wala hatuoni haya. Kushangaa si dhambi. Dhambi ni kuishia hapo.

Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru yatwaliwe mawe kumi na mawili mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake wapate kuelezwa. Stesheni kuukuu, tuta la njia, daraja la chuma, ni mawe ya namna hiyo. Hayasemi yenyewe; yataka mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu. Wasiposafiri baadhi yetu wakatazama, nani atawajibu watoto wa Karagwe?

Tuliporudi tulikwenda kumwamkia yule mzee, tukamsimulia yote, hata habari ya msumari. Alisikiliza sana. Mwisho akasema, “Vema. Na daraja la miti kwenye bondeni, watoto wapitapo kwenda shuleni, lina misumari mingapi?” Hatukujua. Tulikuwa tumelipita kila asubuhi kwa miaka mingi. Tulijua upana wa reli ya Dodoma, hatukujua hali ya daraja letu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kulitazama. Nguzo mbili zilikuwa zimeoza. Tuliwaita majirani, na yule mwenzetu aliyelipa karo alikuwa wa kwanza kufika na shoka lake. Mzee naye alitoa miti miwili ya mkaratusi, akakaa kando akituangalia tukigongomea. Hakusema kwamba safari yetu ilikuwa njema, wala hatukumwuliza. Lakini kwa kuwa alikuja mwenyewe na mkongojo wake mpaka bondeni, kutazama tu, twaliona jibu lake kuwa latosha.