Kulizunguka Jiwe la Ndolezi

Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, mkoani Songwe. Anayetoka Tunduma hufuata barabara kuu ya Mbeya, akaipita Vwawa, kisha akakunja kuingia njia ya mashambani, penye mahindi na kahawa.

Kimondo hicho ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani. Lina urefu wa takribani mita 3 na hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Karibu asilimia 90 ni chuma. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Ukilizunguka kwa miguu, unaona vibonyeo vingi, kama alama za vidole kwenye unga uliokandwa.

Wanyiha, wahunzi tangu kale, waliishi karibu nalo muda mrefu kabla habari zake hazijawafikia wageni mwaka 1930. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Udongo ulichimbwa pembeni, jiwe likabaki juu ya nguzo ya udongo. Shimo la kuanguka kwake halionekani, dalili kwamba lilianguka zamani sana.

Msikilizaji wa Songwe, usingoje mgeni akusimulie ya kwenu. Nenda ukalione.